Kinu cha Nyuklia Kikiombewa Leseni: Mwongozo kwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji na Yeyote Atakayeitwa Mkutanoni

Tangu kiwanda cha majaribio cha urani kizinduliwe mwaka 2025 kule Mto Mkuju, Namtumbo, swali moja linanifuata kila ninapokwenda. Nimeulizwa na bodaboda wa Uyole, nimeulizwa na mama anayeuza viazi Mwanjelwa, na majuzi kanipigia diwani mmoja saa nne usiku: "Mwalimu, hicho kinu cha nyuklia wanakileta lini?"

Jibu la kwanza ni kwamba mgodi si kinu. Urani inayotoka ardhini ina asilimia 0.7 tu ya ile aina inayopasuka kirahisi na kutoa joto. Vinu vingi vya umeme vinataka irutubishwe hadi asilimia 3 mpaka 5, na kazi hiyo haifanyiki mgodini. Namibia wamechimba urani miaka nenda rudi bila kinu cha umeme. Ufaransa wamejaa vinu, na mgodi wao wa mwisho waliufunga mwaka 2001.

Diwani akanyamaza kidogo, kisha akauliza la pili, ambalo ndilo lililonikalisha kuandika: "Sawa. Lakini siku wakija kweli, mimi nasimama wapi? Nisaini nini, nikatae nini?"

Nimefundisha fizikia sekondari kwa muda mrefu, na kwa kustaafu nimepata nafasi ya kusoma jinsi wenzetu wanavyotoa leseni hizi. Ninachoandika hapa ni njia ya kuzifuata, hatua kwa hatua, kwa mtu wa huku Nyanda za Juu Kusini ambaye hana digrii ya atomiki na haihitaji.

Kabla ya yote, usidhani leseni ni karatasi moja yenye mhuri. Fikiria lori linalotoka Dar kwenda Tunduma. Linapimwa Vigwaza, linapimwa Wenda, linapimwa Makambako, linapimwa Mpemba. Kupita Vigwaza hakukupi ruhusa ya kupita Mpemba. Leseni ya kinu iko hivyo: kibali cha eneo, kibali cha kujenga, ruhusa ya kuingiza mafuta (hapa mafuta ni urani, si dizeli), leseni ya kuendesha, na mwisho kibali cha kubomoa. Misri, kwenye mradi wao wa El Dabaa, walipata kibali cha eneo mwaka 2019, na kibali cha kujenga kinu cha kwanza kikaja mwaka 2022. Miaka mitatu kati ya karatasi na karatasi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, linakadiria miaka 10 hadi 15 tangu nchi ianze kufikiria kwa dhati hadi umeme kutoka. Kwa hiyo mtu akikwambia "saini leo, maana leseni inatoka wiki ijayo", mwulize ni leseni ipi.

Hatua ya 1: Jizoeze kwenye chumba cha eksirei

Huna kinu cha kufanyia mazoezi, lakini mionzi inayodhibitiwa kisheria unayo karibu. Kila mashine ya eksirei nchini inatakiwa iwe na leseni ya TAEC, yaani Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Nenda ukaisome. Inatakiwa ionekane.

Mwaka juzi mjukuu wangu alianguka kwenye mti wa parachichi akavunjika mkono. Tukiwa tunasubiri kwenye hospitali moja, ambayo sitaitaja, nikasogelea fremu iliyotundikwa nyuma ya meza ya mapokezi. Leseni ilikuwepo, safi, ina kioo. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita miezi minane. Halafu nikamwona mtaalamu wa eksirei, binti mchangamfu, na ile beji ndogo ya kupima mionzi, ambayo mfanyakazi hupaswa kuivaa kifuani, ikining'inia kwenye ndoano ya mlango pamoja na funguo.

"Mwanangu, hiyo beji haitakiwi kukaa kifuani?"

"Inatakiwa, babu. Ila pini yake inachana nguo."

Kwa hiyo kila beji ilipopelekwa kupimwa, kipimo kilichosomwa kilikuwa cha ndoano.

Hapo umejifunza nusu ya udhibiti. Karatasi ipo, kifaa kipo, sheria ipo, na bado hakuna anayejua yule binti amepata mionzi kiasi gani. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), na kwa mwananchi wa kawaida ni milisiveti 1 kwa mwaka juu ya ile ya asili. Ya asili yenyewe, inayotoka ardhini, angani na ndani ya chakula, ni wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani. Namba hizi zikariri, maana mkutanoni mtu atazitaja harakaharaka akitegemea hutauliza "ukilinganisha na nini?"

Na uzoee maswali matatu, hata kama ni kwa mashine ya meno: nani katoa leseni hii, inaisha lini, na mara ya mwisho nani alikuja kukagua.

Hatua ya 2: Mjue mdhibiti, kisha mjue bosi wake

Watu wengi wakifika mkutanoni wanamkazia macho mwekezaji. Mimi nakushauri umwangalie zaidi mdhibiti. Mwekezaji anataka kujenga, hilo liko wazi na si kosa. Swali ni kama kuna mtu chumbani mwenye uwezo wa kumwambia hapana, na akabaki na kazi yake Jumatatu.

Kwetu mdhibiti ni TAEC, iliyoundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, makao makuu Arusha. Iko chini ya wizara inayosimamia elimu, sayansi na teknolojia. Hilo mimi naliona ni jambo jema, kwa sababu Wizara ya Nishati ndiyo inayotafuta megawati, na anayetafuta megawati asiwe ndiye anayepima usalama wake. Lakini sheria hiyohiyo inaipa TAEC kofia mbili: kudhibiti matumizi ya mionzi na kuyahamasisha. Kwa mashine za hospitali na vipimo vya chakula mpakani, kofia mbili zinabebeka. Kwa kinu cha umeme hazibebeki, na ningependa kuona sheria inazitenganisha kabla ya tofali la kwanza.

Sisemi hivi kwa hisia. Marekani walikuwa na tume moja iliyohamasisha na kudhibiti kwa pamoja. Sheria ya mwaka 1974 ikaivunja, na mwaka 1975 tume mpya ya udhibiti, NRC, ikaanza kazi peke yake. Japani hawakufanya hivyo mapema. Mdhibiti wao alikuwa ndani ya wizara ileile iliyokuwa inatangaza nyuklia. Kinu cha Fukushima Daiichi kilikuwa kimekadiriwa wimbi la tsunami la mita 5.7. Tarehe 11 Machi 2011 likaja la mita 14 hadi 15. Tume ya uchunguzi ya bunge lao, iliyoongozwa na Kiyoshi Kurokawa, iliandika mwaka 2012 kwamba lile janga lilitengenezwa na watu, na ikaonyesha jinsi mdhibiti na mdhibitiwa walivyokuwa wamezoeana. Mdhibiti mpya, aliye nje ya wizara ile, akaundwa mwaka huohuo.

Mkutanoni uliza hivi, kwa heshima zote: "Mheshimiwa, mara ya mwisho ofisi yako kumfungia mtu ni lini, na ilikuwaje?" Mdhibiti wa kweli ana hadithi za kusimulia. Uliza pia nani anamteua mkuu wake, nani anaweza kumwondoa, na mishahara inatoka wapi.

Hatua ya 3: Eneo, hapa usiharakishwe

Hiki ndicho kituo ambacho mwananchi wa kawaida anajua mambo ambayo mtaalamu kutoka nje hayajui. Mabwana wenye kompyuta watakuja na ramani, lakini wewe ndiye unayejua maji ya mto yalifika wapi mwaka ule wa mvua nyingi.

Anza na ardhi yenyewe kutikisika. Mbeya iko mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana. Tarehe 13 Desemba 1910 ukanda wa Rukwa ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, kati ya makubwa kabisa kupimwa Afrika katika karne nzima iliyopita. Desemba 2009 Karonga, ng'ambo tu ya Kyela, ilitikisika mfululizo kwa majuma. Mlima Rungwe na Ngozi ni volkano, na Kyejo ilimwaga lava karibu mwaka 1800, ambao kwa mlima ni kama jana. Hakuna kati ya haya kinachosema moja kwa moja kwamba kinu hakiwezekani. Japani wanatikisika kuliko sisi. Yanachosema ni kwamba ripoti ya eneo lazima ieleze tetemeko lililotumika kukadiria nguvu ya jengo, na kwa nini si kubwa zaidi. Ukikuta ripoti inahesabu matetemeko ya miaka 50 iliyopita peke yake, 1910 haimo. Nyanyua mkono.

Kisha maji. Kinu cha megawati 1,000 za umeme kinazalisha joto la megawati 3,000 hivi, na theluthi mbili za joto hilo lazima zitupwe. Kikitumia minara ya kupoozea, kinavukizisha maji mamia ya lita kila sekunde, usiku na mchana, kiangazi na masika. Sasa fikiria Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi. Wakulima wa mpunga Usangu, wafugaji, tembo wa Ruaha na bwawa la umeme la Mtera wote wanagombania maji hayohayo. Ziwa Nyasa lina maji ya kutosha, ila liko ndani ya ufa na ni la nchi tatu. Koeberg, kile kinu cha Afrika Kusini kilicho karibu na Cape Town, kinajipooza kwa maji ya bahari na hakimdai mtu mto.

Tatu, gridi. Wahandisi wa umeme hawapendi mashine moja izidi sehemu moja ya kumi ya gridi nzima, kwa sababu ikizima ghafla inaburuta nchi gizani. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini zimegawanywa kwenye mashine tisa za megawati 235. Kinu cha megawati 1,000 kwenye shafti moja kinataka gridi ya megawati 10,000 hivi. Hili ni suala la usalama kuliko unavyodhani, na hatua inayofuata itaonyesha sababu: kinu kinahitaji umeme kutoka nje hata kikiwa kimezimwa.

Na tathmini ya mazingira. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, mradi mkubwa hupitia NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Wanaodhani hiyo ni kazi ya kujaza fomu wamkumbuke chura wa Kihansi. Yule chura mdogo wa manjano aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa mtambo wa megawati 180 ukiwa umeshaanza. Maji ya maporomoko yalipoelekezwa kwenye mitambo, unyunyu aliokuwa anaishi ndani yake ukakatika. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Wachache waliosalia walikuwa kwenye vioo vya bustani za wanyama Marekani, Bronx na Toledo, na mwaka 2012 ndipo walipoanza kurudishwa. Swali liliulizwa ujenzi ukiwa umeshaanza.

Kuhusu ardhi ya kijiji: mwenyekiti hana ardhi, diwani hana ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua mkutano mkuu wa kijiji. Ukiletewa karatasi ya kusaini nyumbani, jioni, na soda juu, jibu ni: leteni mkutanoni.

Hatua ya 4: Ripoti ya usalama, au somo la fundi breki

Mwombaji wa kibali cha kujenga anapeleka ripoti ya maelfu ya kurasa. Hutaisoma yote, na mimi sijasoma hata moja yote. Kuna mambo mawili tu ya kutafuta.

La kwanza nilifundishwa Mbalizi, chini ya mteremko wa Iwambi, na fundi wa breki za malori aliyekuwa amelala chali chini ya tela. Alinionyesha kopo la chuma nyuma ya gurudumu.

"Mwalimu, watu wanadhani hapa upepo ndio unafunga breki. Hapana. Ndani kuna springi kubwa, na springi ndiyo inafunga. Upepo unaizuia isifunge. Upepo ukiisha wote, gari linajifunga lenyewe."

Ndivyo inavyotakiwa. Kitu kikiharibika, kiharibikie upande wa salama. Kwenye kinu cha kawaida cha maji yenye shinikizo, fimbo za kuzima mpasuko, yaani kule kupasuka kwa atomi kunakotoa joto, zimeshikiliwa juu na sumaku za umeme. Umeme ukikatika sumaku zinaachia, fimbo zinadondoka kwa uzito wake ndani ya sekunde chache, na mpasuko unasimama. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ripoti ni hili: umeme wote ukikatika, bila mtu kugusa kitu, nini kinatokea?

La pili ndilo lililowazamisha Fukushima, na watu wengi hawalijui. Kuzima mpasuko hakuzimi joto. Mabaki ya atomi zilizopasuka yanaendelea kutoa joto, takriban asilimia 6 hadi 7 ya nguvu kamili mara tu baada ya kuzima. Kwa kinu chetu cha joto la megawati 3,000, hiyo ni karibu megawati 200. Yaani kinu "kilichozimwa" kinachemsha kwa nguvu inayozidi mtambo mzima wa Kihansi. Baada ya siku moja inashuka hadi karibu nusu ya asilimia moja, ambayo bado ni megawati 15 hivi, na maji lazima yaendelee kupita. Fukushima fimbo zilifanya kazi sawasawa tetemeko lilipopiga. Kisha bahari ikaingia, jenereta za dizeli zilizokuwa vyumba vya chini zikafurika, pampu zikasimama.

Basi uliza jenereta zitakaa wapi na mafuriko yaliwahi kufika wapi. Uliza kama jenereta ya pili inategemea waya, chumba au tangi lilelile la ile ya kwanza. Fundi wangu angesema breki mbili zinazotumia bomba moja la upepo ni breki moja.

Ripoti itazungumzia pia kuta za kuzuia mionzi isitoke: kidonge chenyewe cha mafuta, bomba la zirikoni linalokifunika, chungu kikubwa cha chuma, na jengo zito la zege juu ya vyote. Chernobyl, kinu cha Ukraine kilicholipuka tarehe 26 Aprili 1986, ile ya mwisho haikuwepo kwa maana inayokubalika leo.

Hatua ya 5: Ujenzi

Hapa kazi kubwa ni ya wakaguzi: zege, viungo vya chuma, nyaya. Kwa mwananchi nina neno moja tu, nalo Watanzania tunalielewa bila kamusi: vyeti feki. Korea Kusini, nchi inayoheshimika sana kwa vinu, iligundua mwaka 2012 na 2013 kwamba vipuri na nyaya za udhibiti vilikuwa vimeingia kwenye vinu kwa vyeti vya majaribio vilivyoghushiwa. Vinu vikazimwa nyaya zibadilishwe. Kwa hiyo uliza nani anapima kipuri upya baada ya kufika, na kijana wa kijiji anayechomelea pale akiona kitu kibaya anamwambia nani bila kupoteza kibarua.

Hatua ya 6: Kabla mafuta hayajaingia

Hiki ndicho kituo cha diwani. Nakirudia kwake kila tukiongea.

Mpaka hapa kinu ni jengo ghali tu. Mafuta yakishaingia na kuwashwa, hakuna kurudi nyuma. Mdhibiti anataka kuona mambo mawili kabla ya kusema ndiyo: watu wa kukiendesha na mpango wa dharura.

Lori lina leseni yake na dereva ana daraja E lake. Kwenye kinu ni vivyo hivyo: kila mwendeshaji wa chumba cha udhibiti anapewa leseni ya mtu binafsi, baada ya mtihani na mazoezi kwenye chumba cha kuigiza kinachofanana na kile cha kweli. Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, vali moja ilikwama wazi. Taa kwenye meza ikaonyesha kama imefungwa, kumbe taa ile ilikuwa inaonyesha kwamba amri ya kufunga imetumwa. Waendeshaji wakaiamini, wakapunguza maji ya dharura kwa mikono yao wenyewe, na sehemu ya kiini, mahali mafuta ya kinu yanapokaa, ikayeyuka. Taa ilikuwa inafanya kazi kama ilivyoundwa.

Sasa mpango wa dharura. Marekani wanachora duara mbili: kilomita 16 kwa ajili ya hewa, yaani kujifungia ndani au kuhama, na kilomita 80 kwa ajili ya chakula. Chukua ramani, weka pini Mwanjelwa kwa mazoezi tu, maana hakuna aliyesema kinu kinakuja Mwanjelwa. Duara la kwanza linameza Uyole na Mbalizi. La pili linameza Tukuyu, Chunya na Vwawa. Hilo la pili tunalidharau. Baada ya Chernobyl, watoto wengi waliopata saratani ya tezi ya shingo waliipata kwa maziwa: iodini ya mionzi ikaanguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa. Iodini hiyo inapungua nusu kila siku nane. Ukiweza kuzuia maziwa yasinywewe kwa wiki chache za mwanzo, na ukagawa vidonge vya iodini kwa wakati, umeokoa wengi. Kwa hiyo mpango wowote wa huku usiotaja maziwa ya Rungwe ni mpango ulionakiliwa kutoka kwingine.

Chukua na barabara. Lori moja likilala Iwambi, foleni inafika wapi? Sasa hesabu jiji zima kuhama kwa barabara hiyohiyo, usiku, kwenye ukungu wa Juni, wagonjwa wa hospitali ya rufaa wakiwemo. Nani ana mabasi? Nani anawatangazia watu wasio na simu? Shule za bweni zinakwenda wapi? Maswali haya mhandisi wa atomiki hawezi kuyajibu. Wewe unaweza, mtendaji wa kata anaweza, mzee wa mtaa anaweza. Na jibu lenu likiwa "haiwezekani", lina uzito.

Mfano upo. Kinu cha Shoreham, Long Island, karibu na New York, kilijengwa kikaisha. Mwaka 1983 serikali ya eneo, Suffolk, ilipiga hesabu za barabara za kisiwa kile ikasema watu hawawezi kuhamishwa kwa usalama, na ikakataa kushiriki mpango wa dharura. Kinu kiliwashwa kwa nguvu ndogo ya majaribio tu mwaka 1985. Mwaka 1989 yakafikiwa makubaliano ya kukifunga, baada ya dola karibu bilioni 6, kikiwa hakijawahi kuuza umeme. Madiwani, kwa lugha yetu, ndio waliokisimamisha. Ila waliuliza kwa kuchelewa, na bili ikawaangukia walipa umeme. Suala la barabara lilipaswa kuulizwa hatua ya 3, ramani ikiwa bado mezani.

Mtu asinielewe vibaya. Mimi si mpinga nyuklia. Kwa kila uniti ya umeme inayozalishwa, makaa ya mawe yanaua watu wengi zaidi kimyakimya, kwa moshi na migodini, na sisi wa karibu na Kiwira tunajua vumbi lake. Ninachopinga ni kinu kisichoulizwa maswali.

Hatua ya 7: Kinapofanya kazi

Leseni ya kuendesha ina muda. Marekani ni miaka 40, kisha inaweza kuongezwa 20. Koeberg ilianza mwaka 1984, na Julai 2024 mdhibiti wa Afrika Kusini aliongeza miaka 20 kwa kinu cha kwanza, baada ya vikao vya hadhara vya kusikiliza wananchi. Hivyo usifikiri mkutano wako ni mmoja. Wajukuu wako wataitwa tena.

Kwenye kila kituo Marekani kuna wakaguzi wa NRC wanaofanya kazi hapohapo, wenye ruhusa ya kuingia popote kituoni. Hata hivyo mwaka 2002, kituo cha Davis-Besse kule Ohio, iligundulika kuwa asidi ya boroni iliyokuwa ikivuja imekula kifuniko cha chungu cha kinu na kuacha shimo kubwa kama mpira. Kilichobaki kikizuia shinikizo la ndani kilikuwa bamba la chuma cha pua lenye unene wa karibu sentimita moja. Mdhibiti alikuwa ametaka kinu kizimwe kikaguliwe kabla ya mwaka 2001 kuisha. Mwenye kinu aliomba asogezewe, akasogezewa hadi Februari. Uchunguzi wa ndani baadaye ulisema gharama za mwenye kinu zilipewa uzito mno.

Kwa hiyo omba iandikwe mapema kwamba ripoti za ukaguzi na za matukio zitabandikwa hadharani, kwa Kiswahili, ofisi ya kata. Zisipobandikwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa njia ya kuziomba kwa barua. Beba barua yako mwenyewe, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala.

Hatua ya 8: Kubomoa na taka

Fupi. Mafuta yaliyotumika hukaa ndani ya bwawa la maji kwa miaka kadhaa, kisha kwenye makasha makavu ya chuma na zege. Finland wamechimba makaburi yake ndani ya mwamba Olkiluoto, zaidi ya mita 400 chini. Kubomoa kinu kunachukua miongo, na fedha zake zinatakiwa zianze kukatwa kwenye kila uniti tangu siku ya kwanza, ziwekwe kwenye mfuko ambao mwenye kinu hawezi kuugusa. Uliza jina la mfuko na nani anaukagua. Uliza pia bima: ajali ikivuka uzio, mkulima wa chai analipwa na nani, na hadi kiasi gani.

La mwisho, kuhusu muhtasari

Kila mkutano, mtendaji huandika muhtasari. Usikubali usomwe harakaharaka watu wakiwa wameshasimama. Kila swali liandikwe na jina la aliyejibu, cheo chake na tarehe, kwa sababu kati ya hatua ya 3 na ya 6 itapita miaka kumi na wahusika wote watakuwa wamehamishwa. "Tutalifanyia kazi" nalo liandikwe hivyohivyo, mkiacha nafasi chini yake. Nakala moja ibaki kijijini, ya pili iende wilayani, ya tatu akabidhiwe mtu asiyegombea chochote.